Kampuni ya umeme ni moja, hesabu ni nyingi: mwenye biashara ndogo Kigoma alinganishe nini?

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili moja na karatasi aliyoikunja mara nne. Alikuwa amepata fremu Mwanga, hapa Kigoma mjini, hatua chache kutoka sokoni, na nia yake ilikuwa kuuza juisi, maji ya baridi na migebuka, samaki wetu wa ziwani, wa kugandisha. Kwenye karatasi alichora safu tatu: TANESCO (shirika la umeme la taifa), sola ya mkopo, jenereta. Chini ya kila safu aliandika kiasi cha fedha. Akaniuliza, "Mjomba, hapa nani ana umeme wa bei nafuu?"

Nikamwambia akae kwanza. Chini ya TANESCO alikuwa ameandika gharama ya kuunganishiwa. Chini ya sola aliandika malipo ya siku moja. Chini ya jenereta aliandika bei ya mashine yenyewe dukani. Ni sawa na mtu anayelinganisha bei ya gunia la mahindi, kilo ya unga na sahani ya ugali, kisha akasema sahani ndiyo rahisi. Wafanyabiashara wengi ninaowafahamu hapa mjini wameamua kwa karatasi ya namna hiyo, na wengine wamepoteza mtaji. Ndiyo maana nimeamua kuandika hesabu tuliyoifanya siku ile, hatua kwa hatua.

Kule ambako umeme huchaguliwa kama laini ya simu

Swali la "kampuni ipi" tunalisikia kwa ndugu walio nje na kwenye video za mitandaoni. Nchini Uingereza mwenye mgahawa anaweza kweli kuhama kutoka kampuni moja ya umeme kwenda nyingine. Soko lao lilifunguliwa hatua kwa hatua tangu 1990, na kufikia 1999 kila mteja, wa nyumbani na wa biashara, alikuwa na haki ya kuchagua. Baadhi ya majimbo ya Australia nayo yalifuata njia hiyo.

Lakini tuelewe wanachochagua. Umeme una safari ya hatua nne: kuzalishwa, kusafirishwa kwa nyaya za msongo mkubwa, kusambazwa mitaani, na kuuzwa kwa mteja. Mwingereza anapohama kampuni, nguzo ni zilezile, transfoma ni ileile, na umeme ukikatika mtaani unakatika kwa wote. Anachobadilisha ni yule anayemuuzia na kumletea ankara. Na ankara hiyo ina sehemu mbili kubwa: bei ya kila uniti (umeme wa wati 1,000 kwa saa moja), na tozo ya kila siku ambayo hulipwa hata duka likifungwa. Kampuni moja inaweza kushusha bei ya uniti ikapandisha tozo ya siku, na mwenye duka dogo anayetazama uniti peke yake akaishia kulipa zaidi. Tena ukomo wa bei unaowekwa na mdhibiti wao, Ofgem, unawalinda wateja wa nyumbani, hauwalindi wafanyabiashara. Mkataba ukimalizika bila kusaini mwingine, duka linaweza kuangukia bei ya juu kuliko ile ya mwanzo.

Nimelieleza hili kwa sababu moja. Hata wenzetu wenye kampuni nyingi, kazi yao kubwa ni kusoma muundo wa bei. Na muundo wa bei sisi pia tunao, ingawa muuzaji ni mmoja.

Hapa kwetu Sheria ya Umeme ya 2008 iliruhusu watu binafsi kuzalisha na hata kusambaza umeme kwa leseni, lakini mwenye fremu Mwanga, Gungu au Ujiji anayetaka umeme wa nguzo anakwenda TANESCO. Bei haipangwi na meneja wa wilaya wala wa mkoa. Inaidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na ni moja kwa nchi nzima.

Hilo la bei moja linastahili kutazamwa vizuri na sisi watu wa Kigoma. Kwa miaka mingi mji huu uliishi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mafuta yake yakisafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Kuzalisha uniti moja kwa dizeli ni ghali mara kadhaa kuliko kuizalisha kwa maji au gesi. Hata hivyo kinyozi wa Ujiji alilipa bei ileile ya kinyozi wa Kariakoo. Tofauti ililipwa na shirika. Kwa hiyo wale waliosema gridi ikifika Kigoma bei ya uniti ingeshuka, au bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 likikamilika LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ingekuwa rahisi, walichanganya mambo mawili. Gridi inaleta umeme mwingi zaidi na inaliondolea taifa mzigo wa mafuta. Bei unayoiona kwenye risiti inabadilika pale tu EWURA inapotoa agizo jipya la bei.

Daraja lako ndiyo bei yako

Agizo la bei lililoanza Aprili 2016 ndilo lililoweka viwango ninavyovitumia hapa. Kwa mtu wa biashara ndogo madaraja matatu ndiyo ya kuyajua.

La kwanza ni D1. Hili ni la majumbani, kwa mteja ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100, na kila uniti inayozidi 75 ni shilingi 350. La pili ni T1, la matumizi ya kawaida: nyumba zinazotumia zaidi, maduka, saluni, karakana, mashine za kusaga. Hapa kila uniti ni shilingi 292, iwe ya kwanza au ya mia tano, na hakuna tozo ya huduma ya mwezi. La tatu ni T2, la wanaotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, nitalirudia.

Bei hizo ni kabla ya kodi. Juu yake kuna asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya T1 inayoitwa 292 inakutoka mfukoni kwa shilingi 356 na senti. Ile ya D1 ni 122, na ikizidi 75 inakuwa 427. Biashara ipige hesabu kwa namba hizi za mwisho, kwa sababu ndizo zinazotoka kwenye droo ya mauzo.

Basi tukafungua karatasi mpya. Tukaorodhesha vyombo vya mpwa wangu, kila kimoja na wati zake na saa zake. Friza mbili za wati 150: hazifanyi kazi muda wote, kompresa huwaka na kuzima, na kwa joto letu tukakadiria saa 12 kati ya 24. Hiyo ni uniti 1.8 kwa kila friza kwa siku, 3.6 kwa zote mbili. Blenda ya wati 500 kwa saa moja ya kusaga kweli, nusu uniti. Taa nne za LED, uniti 0.2. Feni, 0.6. Runinga na kuchaji simu za watu, 0.8. Jumla uniti 5.7 kwa siku, yaani 171 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya umeme wote ni friza. Blenda inayopiga kelele na kumtia wasiwasi ilikuwa haifikii hata sehemu ya kumi.

Kwa T1, uniti 171 ni kama shilingi 61,000 kwa mwezi. Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nalisubiri. Mwenye fremu alimwambia mita iliyopo ni ya D1, kwa kuwa zamani chumba kile kilikuwa cha kulala. Tukapiga. Uniti 75 za kwanza ni 9,150. Zile 96 zinazobaki kwa 427 ni 40,992. Jumla 50,142. Nafuu ya karibu elfu kumi na moja!

Hapa ndipo watu wengi hupotoka, na lawama yote siwezi kuwatupia wao, kwa sababu hesabu yenyewe inawavuta. Ukiipiga kwa ukamilifu utakuta D1 inakuwa rahisi kuliko T1 mpaka kwenye uniti 323 hivi kwa mwezi; ni baada ya hapo tu ndipo jumla ya D1 inaipita ile ya T1. Lakini D1 haikuwekwa ili mtu achague kwa kalamu. Iliwekwa kumbeba mwananchi mwenye taa chache na redio. Shirika linaona manunuzi yako ya kila mwezi, na ukizidi wastani unahamishiwa T1. Mwenye duka aliyepanga bei ya juisi yake kwa umeme wa D1 anaamka siku moja faida imepungua, na mteja amekwishazoea bei ile ya glasi. Nilimwambia mpwa wangu apange biashara kwa 61,000. Kama biashara haisimami kwa 61,000, tatizo si umeme.

Risiti ya LUKU, mpangaji na mwenye nyumba

Kuna jambo jingine ambalo karatasi yake haikuwa nalo. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 2023 ikapanda kuwa 1,500; kwa ghorofa ni zaidi. Mara moja kwa mwezi unaponunua umeme, kodi hiyo inakatwa kwanza. Tuseme umenunua wa shilingi 20,000. Inatoka 1,500, inabaki 18,500. Ondoa zile asilimia 22 za juu, umeme wenyewe unakuwa shilingi 15,164. Gawanya kwa 292, unapata uniti 51.9. Ukinunua tena 20,000 wiki ijayo, bila kodi ya jengo, unapata 56.1. Nimesikia mara nyingi mtu akisema mita yake "inakula" au "leo wameniibia", kumbe risiti ileile mkononi mwake ina mstari unaoeleza kila senti. Usiitupe risiti. Itunze kwenye daftari, na kama hesabu haikubaliani ndipo uende ofisini nayo ukiwa na hoja.

Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayeilipa kupitia mita ana haki ya kukaa na mwenye nyumba wakakubaliana ipunguzwe kwenye pango. Kwa mwaka ni 18,000. Si fedha ya kugombania, lakini ni ya kuandikwa kwenye mkataba siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Kibaya zaidi ni mita ya pamoja. Fremu nne, LUKU moja, na mchango wa kulingana kwa kila mlango. Kinyozi mwenye mashine ya wati 15 na taa mbili analipa sawa na mwenye friza mbili na mwenye pasi ya kunyooshea nguo za watu. Nimeona ujirani mzuri ukivunjika kwa sababu hii, watu waliokuwa wakiachiana funguo za maduka wakafikia kutosalimiana. Ukipata fremu ya namna hiyo, dai mita yako mwenyewe kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Kama haiwezekani, nunueni mita ndogo za kupimia kila chumba, fundi mwenye leseni azifunge, na mgawane kwa uniti. Gharama yake hurudi haraka kuliko unavyodhani, hasa kwa yule anayetumia kidogo.

Kuhusu kuunganishiwa: tangu Januari 2022, kwa mjini, njia moja (single phase) ndani ya mita 30 bila nguzo ilikuwa shilingi 320,960, na ukihitaji nguzo moja 515,618. Vijijini ilibaki 27,000. Ndiyo maana ni muhimu kujua eneo lako limeandikwa mji au kijiji, na kupima umbali kwa hatua zako mwenyewe kabla ya kusaini pango la fremu iliyo mbali na nguzo.

Njia moja au njia tatu

Hili halikumhusu mpwa wangu, ila linawahusu wenye mashine za kusaga na kukoboa, wachomeleaji, na wale wanaokamua mawese kwa mashine. Bei ya uniti ni ileile ya T1 kwa njia moja na njia tatu (three phase). Tofauti ni nguvu. Mota kubwa inapowaka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa sekunde chache. Ukiipachika kwenye njia moja iliyo mwisho wa laini, jioni kila mtu amewasha taa na pasi, volti zinashuka, mota inaunguruma bila kuzunguka, inapata moto, na waya wa ndani unaungua. Kuisuka upya mota ya mashine ya unga kunaweza kumeza faida ya wiki kadhaa. Kuunganishiwa njia tatu ni ghali zaidi, na omba makadirio rasmi ya maandishi, lakini kwa mota ya kilowati 15 hakuna mjadala.

Wapo wanaosema heri mashine ya dizeli, haina LUKU. Piga hesabu. Mota ya kilowati 15 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote kwa saa moja inatumia uniti 16 au 17, kama shilingi 6,000 kwa T1. Injini ya dizeli kwa kazi hiyohiyo itakunywa takriban lita tano. Ukichukua lita moja kuwa shilingi 3,000, hiyo ni 15,000, bado oili na fundi. Dizeli inabaki na maana kule ambako nguzo haijafika.

Na T2? Hapo uniti ni shilingi 195 tu, jambo linalomvutia kila mwenye kiwanda kidogo. Lakini linaingia lile fundisho la Waingereza: kuna tozo ya huduma ya 14,233 kwa mwezi na, kubwa kuliko zote, shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha nguvu ya umeme unaovutwa) ya kilele chako, yaani ule wakati mmoja ndani ya mwezi ulipovuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wote. Chukua uniti 7,500. Kwa T1 ni shilingi 2,190,000 kabla ya kodi. Kwa T2, kama kilele chako ni kVA 30, unalipa 1,926,853. Kilele kikifika kVA 60, unalipa 2,376,973, ghali kuliko T1. Umeme ni uleule, tofauti imetokana na mazoea ya kuwasha mashine zote saa moja asubuhi kwa pamoja. Ziwashe kwa zamu.

Umeme ukikatika

Swali la jenereta na sola kwa mtu wa mjini ni swali la dharura, na hapo ndipo hisia huzidi hesabu.

Jenereta ndogo ya petroli, ile ya kuvuta kamba, hutoa kwa lita moja kama uniti moja na nusu hadi mbili ikiwa imebeba mzigo wa kutosha. Ikiwa imebeba taa mbili na redio hutoa pungufu ya hapo, kwa sababu injini inakunywa hata isipofanya kazi. Kwa lita ya shilingi 3,000, uniti moja ni kati ya 1,500 na 2,000. Ni mara nne hadi karibu sita ya T1. Hakuna biashara ya juisi inayoweza kuishi kwa umeme huo kila siku. Inaweza kuvuka nao saa mbili.

Na je, friza inahitaji kuvushwa saa hizo mbili? Mpwa wangu alikuwa tayari kutoa fedha nyingi kununua jenereta ili migebuka wasiharibike. Nikamwambia friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hukaa na ubaridi wake kama siku mbili. Iliyo nusu, kama siku moja. Barafu ni akiba ya umeme. Ajaze chupa za maji zigande kwenye kila nafasi iliyo wazi, na umeme ukikatika afunge friza ya samaki, auze kutoka kwenye ile ya vinywaji tu. Badala ya jenereta alinunua vifaa viwili vya kulinda friji dhidi ya volti za juu na za chini, vile vinavyosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuiruhusu kompresa iwake. Kinachoua friza nyingi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi tena.

Sola nayo ina pande mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Upande wa kwanza ni paneli, na paneli siku hizi si ghali. Paneli za kilowati moja katika jua letu zitakupa kama uniti nne kwa siku baada ya kuondoa upotevu; kidogo zaidi Juni hadi Agosti, kidogo pungufu wakati wa masika. Ukigawa kwa miaka kumi, hata kama mfumo mzima umekugharimu shilingi milioni mbili na nusu, uniti inakuja kama shilingi 170. Nusu ya T1! Lakini hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: uutumie umeme wote mchana, jua likiwaka, kwa pampu au friza.

Upande wa pili ni betri, na hapo ndipo fedha inapokwenda. Betri ya kawaida ya maji au jeli, ya volti 12 na Ah 200, ina uniti 2.4 kwa maandishi, ila ukitaka idumu utumie nusu yake, 1.2. Ikivumilia mizunguko 700 ya kujaa na kuisha, itakuwa imekupa uniti 840 maisha yake yote. Kama uliinunua kwa 600,000, kila uniti iliyopita ndani yake imekugharimu zaidi ya shilingi 700, mbali na paneli. Betri za lithiamu hudumu mizunguko maelfu, na ingawa bei ya kuanzia ni ya juu, kwa uniti huwa rahisi zaidi.

Sasa ile sola ya mkopo iliyokuwa kwenye safu ya pili. Shilingi 1,000 kwa siku inasikika ndogo. Kwa miaka miwili ni 730,000. Mfumo wake ulikuwa na paneli ya wati 50, inayotoa uniti 0.2 kwa siku, uniti 146 katika miaka hiyo miwili. Gawanya: shilingi 5,000 kwa uniti. Tena isingeweza kuiwasha hata friza moja. Sisemi mfumo huo ni mbaya. Kwa mama anayeuza dagaa usiku katika kijiji cha kando ya ziwa kusini mwa Kigoma, ambako hakuna nguzo, taa tatu na kuchaji simu za wavuvi ni mapato halisi, na mkopo ukiisha paneli inabaki yake kwa miaka mingi. Kwa kinyozi wa mjini pia inafaa kama akiba, kwa kuwa mashine yake inakula wati 15 na mteja hawezi kuondoka na nusu ya kichwa. Kwa muuza barafu haifai.

Karatasi yetu mpya ilikuwa na safu zilezile tatu, ila sasa kila moja iliandikwa kitu kilekile: shilingi kwa uniti moja, na idadi ya uniti inazoweza kutoa kwa siku. TANESCO kwa T1, 356, kiasi chochote unachohitaji umeme ukiwepo. Jenereta, 1,500 hadi 2,000. Sola ya mkopo, 5,000, na mwisho wake ni uniti 0.2 kwa siku dhidi ya 5.7 anazohitaji. Akaomba mita yake mwenyewe, akapanga bei kwa T1, akaanza na chupa ishirini za barafu.

Mwezi wa kwanza uniti zilizotumika zilikuwa 188. Tulikisia 171. Tukakaa tena na daftari, tukapitia chombo kimoja kimoja, na kosa halikuonekana kwenye karatasi. Ndipo akachukua noti ya elfu moja, akaibana kwenye mlango wa friza ya vinywaji, akaivuta. Ikatoka bila kukwama. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea upande mmoja na baridi ikitoka usiku kucha. Fundi aliubadilisha siku ya Jumanne, na mwezi uliofuata mita ilisoma 169.